Nalyoto Mmoja Tu wa Kariakoo

Khalfani Nalyoto anauza vifungo. Na zipu, na lastiki, na zile sindano za cherehani ambazo mafundi huzivunja kila siku kisha wakaja kulalamika kana kwamba yeye ndiye aliyezivunja. Tunagawana fremu moja Mtaa wa Mchikichi, yeye upande wa kushoto, mimi na lesi zangu upande wa kulia, mwaka wa kumi na mmoja huu. Hakuna mtu ninayemjua vizuri zaidi hapa mjini, na hakuna aliyewahi kunichosha zaidi.

Shida yake ilikuwa jina. Hapa Bongo ukishasalimiana na mtu, swali la pili ni kwenu wapi. Mimi nikiulizwa nasema Kibosho, na ukinipa nafasi nakutajia mababu saba, wa saba akiwa ndiye aliyeanzisha ugomvi wa mpaka tunaoendelea nao hadi leo. Khalfani alikuwa akijibu Kariakoo. Watu wanacheka, halafu wanasubiri jibu la kweli, na yeye hana. Baba yake, mbeba mizigo wa sokoni, alifariki Khalfani akiwa na miaka minne. Mama yake hakuwahi kupelekwa ukweni. Na katika mji huu wote hakuwahi kukutana na Nalyoto mwingine, hata kwenye orodha ya matokeo ya mtihani iliyobandikwa ukutani.

Desemba ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Wachaga tunafunga maduka tunapanda kwetu, na kila mwaka funguo za nusu ya mtaa zilibaki kwa Khalfani, kwa kuwa yeye hana pa kwenda. Tulimwambia hivyo usoni, tena kwa nia njema. Mwaka juzi nilipomkabidhi zangu alizitazama kiganjani, akasema, "Celina, nataka na mimi siku moja nimpe mtu funguo." Nikacheka. Sijivunii, lakini nilicheka.

Januari akaanza utafiti. Alinunua kaunta buku nene, akaandika jina lake jaladani, na ndani hakuwa na cha kuandika. Wanywa kahawa wa kona wakajitolea kumsaidia, na hiyo ndiyo ilikuwa hasara. Mmoja alisema jina lina asili ya Kongo, basi kwa miezi mitatu Khalfani akawa Mkongo: suruali pana, mkanda mpaka kifuani, hadi siku mteja wa kutoka Kinshasa alipomsemesha Kilingala naye akamjibu kwa kumwonyesha zipu. Mwingine akamwambia ni Mngazija. Akanunua kofia ya kazi ya mkono, na hata Ungazija ulipomwisha ile kofia hakuiacha, kwani ilimpendeza.

Hapa lazima nimtaje Mboni. Mboni anauza korosho, anapita kwetu kila saa nne asubuhi na sinia kichwani, mwanamke mrefu wa kutoka kusini, mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili. Kwa wengine wote ni mstaarabu. Akifika kwa Khalfani anabadilika. Siku ya kwanza aliposoma kibao chetu, NALYOTO VIFUNGO NA ZIPU, alicheka peke yake, akaingia, akakalia kiti cha mwenyewe na kumwita mtumwa wake. Ilipokuja ile kofia akaanza kuipora. Anaivaa, anazunguka nayo soko zima, anairudisha jioni ina maganda ya korosho ndani. Akimkuta na mteja anamshauri mteja asinunue kitu kwa mtu mwenye sura kama ile. Khalfani aliamua kwamba huyu ni mwendawazimu, akaacha kabisa kumsemesha. Katika utafiti wake aliuliza kila mtu, mpaka trafiki wa Msimbazi, isipokuwa yeye.

Kitu pekee cha maana kilitoka Upanga. Kuna bibi mmoja wa Kihindi, Mama Gulbanu, ambaye baba yake aliwahi kumwajiri mzee Nalyoto. Tulikwenda wote, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Bibi akapokea shikamoo zetu, akafikiri mpaka chai ikapoa, akasema anachokumbuka ni kwamba mzee Nalyoto alikuwa hali kambale. Kingine chochote alikula, na alikula kingi, lakini kambale akitengwa yeye anaondoka. Basi. Tulishuka ngazi Khalfani akitetemeka kwa furaha, na kwenye ngazi ya mwisho alikaa akaandika katika ukurasa wa kwanza: HATULI KAMBALE.

Miezi sita iliyofuata ilikuwa mateso matupu. Mtu huyu hakuwahi kula kambale maishani, wala hakuna aliyewahi kumpa. Sasa akaanza kumkataa. Tukiingia mgahawani anauliza kama wana kambale. Wakisema hawana, anawaeleza kwamba hata wangekuwa naye asingemgusa, ni mwiko wa kwao. Alikwenda hadi Feri, kwenye samaki wa baharini, akazunguka meza zote akitafuta kambale wa kumkataa, mpaka wakaangaji wakamfukuza. Nilimwambia ukoo gani huo, samaki mmoja ambaye hata hujamla. Alininunia siku mbili.

Mwezi wa kumi Mboni akapora kaunta buku. Alilitandaza juu ya korosho zake akaondoka akiimba. Khalfani alilia, nilimwona kwa macho yangu. Alifunga upande wake wa duka mchana kweupe, akaenda ofisi ya serikali ya mtaa, akamshtaki Mboni kwa matusi, uporaji na kofia. Shahidi nikawa mimi.

Mwenyekiti wetu, Theophil, ni mtu mpole anayependa mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana. Alimuuliza Mboni kwa nini anamtesa mwenzake. Katika chumba kile hakuna aliyeshangaa kama Mboni.

"Si Nalyoto huyu?" akasema. "Ni mtani wangu. Sisi na kina Nalyoto tunataniana tangu mababu, kijiji kimoja, hata kuzika tunazikana. Sasa Mwenyekiti, nisipomtukana huyu nimtukane nani?"

Khalfani hakuwahi kuwa na mtani. Mtu hutaniwa kwa kabila lake au ukoo wake, naye hakuwa na hata kimoja cha kutaniwa, kwa hiyo wazo hilo halikumjia. Hata mimi niliyejaa mababu halikunijia. Theophil akataka uthibitisho. Mboni akamgeukia Khalfani, kwa mara ya kwanza bila kucheka, akamuuliza kama anakula kambale.

Khalfani akatikisa kichwa, akaendelea kukitikisa.

"Umeona?" Mboni akamwambia Mwenyekiti. "Ukoo mzima hawali. Na wote wabishi."

Kumbe alidhani Khalfani anajua, na kule kutojibiwa matusi miaka yote alikuchukulia kuwa ni maringo ya mjini. Huko ndani ya Masasi, alisema, kina Nalyoto wamejaa mpaka wanakera, na yuko shangazi mmoja mzee ambaye hadi leo anamlaumu kaka yake aliyekwenda Dar na hakurudi. Hapo Khalfani, mtu wa miaka hamsini na moja, alisimama mbele ya serikali ya mtaa akamwita Mboni mtumwa mwenye miguu ya korongo. Tusi lenyewe lilikuwa dhaifu, lakini Mboni alilipokea kwa kigelegele.

Desemba hiyo Khalfani alinipa funguo zake, anakwenda Masasi. Nikamkumbusha kwamba na mimi nasafiri. Akasema niende nazo tu. Nikapanda nazo Kibosho kwenye pochi.

Siku ya pili ya Krismasi akanipigia. Nilikuwa nimekaa uani, kaka zangu wakigombea ule mpaka, na tangu nifike hakuna aliyeniuliza hata nimesafirije. Nyuma ya sauti ya Khalfani kulikuwa na vicheko vya watu wengi. Alisema shangazi amemshika mkono tangu jana hataki kumwachia, na kwamba watani wamempora begi, kofia na viatu, Mboni akiwa mbele yao. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nilimwonea wivu, nasema wazi. Nikamuuliza atarudi lini, maana mafundi watataka zipu.

"Sijui, Celina," akasema. "Viatu bado hawajanirudishia."