Jani la Isale na Goli la Fikirini

Kornelia wa Kirua Vunjo aliuza ndizi sokoni Moshi siku sita za juma. Siku ya saba alimgawia Mungu asubuhi, na mchana akawapa Kahawa United. Mungu hakuwahi kumkera. Kahawa United walimkera mara mojamoja, kama timu yoyote. Waliomkondesha ni marefa.

Kwa miaka kumi na tisa alikaa mahali pale pale, nyuma ya goli la upande wa mlimani, juu ya kreti la soda alilokuja nalo mwenyewe. Hapo alishuhudia penalti za kutunga, kadi nyekundu za kisirani, na dakika za nyongeza zilizorefuka mpaka wageni wapate goli. Kuna refa alimaliza mpira dakika ya themanini na tisa, eti mvua inakuja. Mvua yenyewe ilikuja kesho yake.

"Bora watutangazie matokeo tangu Ijumaa," Kornelia alikuwa akisema, "mtu abaki nyumbani apalilie kahawa yake."

Basi ikafika mechi ya mwisho ya msimu. Kahawa United walihitaji sare tu wasishuke daraja. Wageni walitangulia kipindi cha kwanza, goli halali kabisa, hata Kornelia alikubali, japo kwa kununa. Dakika ya themanini na nane ikapigwa kona, na Fikirini akaruka. Fikirini alikuwa mshambuliaji wao, mtoto wa mjini, na mama yake, Raya, aliuza vitunguu meza ya pili kutoka kwa Kornelia. Mpira alioupiga kwa kichwa uligonga mtambaa wa panya, ukadunda ndani ya mstari, kisha ukarudi nje.

Kornelia alikuwa hatua nne tu kutoka pale. Na mtu aliyekulia kihambani, kwenye shamba la ukoo, hafundishwi mpaka ni nini. Kule mlimani kihamba cha huyu na cha yule hutenganishwa na mstari wa isale, ile mimea ya majani marefu, na isale ikisogezwa hatua moja tu ndugu huacha kusalimiana. Mpira ule ulivuka mstari kwa upana wa kiganja kizima.

Refa alikuwa mbali, akamtazama mshika kibendera. Kijana yule akatazama mstari, akatazama jukwaa, akakiacha kibendera chini. Mchezo ukaendelea kana kwamba hakuna kitu kilichotokea.

Kornelia alisimama juu ya kreti, akamporomoshea kwa Kichagga maneno ambayo mwenye kuyaelewa angehama mkoa. Mshika kibendera aligeuka. Kornelia alidhani ameshtushwa na ukali wa sauti tu.

Filimbi ya mwisho ikalia, Kahawa United wakashuka. Fikirini alikaa kwenye nyasi, jezi usoni, na hakuna aliyeweza kumwinua.

Uongozi ulikata rufaa. Kamera pekee ya siku ile ilikuwa imefunikwa na migongo ya mabeki, kwa hiyo katibu wa timu, mzee Abdulkarim, alimfuata Kornelia sokoni.

"Kamati inakaa Alhamisi. Wewe ndiye uliyekuwa karibu kuliko wote. Utakuja kusema ulichokiona?"

"Nitakuja," alisema Kornelia. "Na kreti langu nitakuja nalo, waone nilipokaa."

Raya na Fikirini waliposikia, walimshika mikono kwa shukrani. Kornelia alilala vizuri siku hiyo, mara ya kwanza tangu mechi.

Jumanne alasiri, akiwa ametoka sokoni na yuko migombani, alimwona jirani yake Elinipendo akivuka mpaka. Wawili hao walikuwa na miaka miwili hawasemezani, kwa sababu Elinipendo aling'oa isale tatu za mpakani na kuzirudisha mahali alipopenda yeye. Leo alikuja polepole, nyuma yake kijana mrefu, na mkononi ameshika jani bichi la isale.

Moyo wa Kornelia ulipaa. Hatimaye! Anakuja kuomba radhi! Kwa Wachagga, anayekuletea jani la isale hafukuzwi. Ukilipokea, umesamehe na jambo limekwisha. Hulisemi tena, si barazani, si kilabuni. Kornelia alipangusa mikono kwenye khanga, akalipokea jani kwa mikono miwili, akitabasamu.

"Yamekwisha, Elinipendo. Tusahau mambo ya mpaka."

Elinipendo akamtazama kwa mshangao. "Mpaka gani? Mimi sina kosa la mpaka. Nimemsindikiza mtoto wa kaka yangu wa Masama, huyu Remigius. Anaishi Dodoma."

"Shikamoo, mama," kijana alisema, macho chini. "Mimi ndiye niliyekuwa na kibendera Jumapili. Nilisikia yote uliyoniambia."

Kornelia alitazama jani mkononi mwake. Alitamani kulirudisha, kama mtu anavyorudisha noti bandia, lakini jani la isale halirudishwi.

"Uliona?" aliuliza.

"Niliona. Liliingia."

"Sasa?"

"Niliogopa, mama. Watu wanajua kwetu ni wapi. Wangesema nimewabeba watu wa nyumbani."

Hasira ilimpanda Kornelia. Miaka kumi na tisa alitaja kila sababu, ulevi, upofu, bahasha. Hii hakuwahi kuifikiria. Wamenyimwa haki yao kwa sababu kijana ni wa kwao! Na yeye sasa, mwenye mdomo mkali kuliko wote uwanjani, amefungwa mdomo na jani.

Alikwenda mpakani, akakata jani la pili, akampa Remigius.

"Mimi nimekusamehe, sikuwa na njia nyingine. Lakini goli halikuwa langu. Hili mpelekee Fikirini kabla ya Alhamisi, umwambie ulivyoniambia mimi. Na kwenye kamati ukaseme mwenyewe."

"Nitakwenda, mama."

Alhamisi Kornelia hakwenda kwenye kamati, wala sokoni. Alipalilia kahawa ambayo haikuwa na magugu. Kreti lilikuwa mlangoni, na kila alipopita aligeuza uso asilione.

Ijumaa, sokoni, habari zilimfikia kabla hajatua mikungu. Rufaa imetupwa, shahidi hakutokea. Raya alikuwa akipanga vitunguu na hakuinua kichwa. Fikirini ndiye aliyekuja, akasimama mbele ya ndizi.

"Shikamoo, mama. Ulituahidi."

"Marahaba. Niliahidi."

"Uliliona goli langu, au hukuliona?"

Kornelia alisogeza mkungu pembeni. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, juzi au jana hakuja mgeni kwako? Hakuna aliyekuletea kitu?"

"Mgeni gani?"

Jibu lilimjaa kinywani, jina, kijiji, na kila neno lililosemwa kule migombani.

"Hakuna," alisema Kornelia.

Fikirini akaenda zake. Raya alibeba meza yake ya vitunguu, akaihamishia upande wa pili wa soko.