Sufuria ya Chefu wa Nyumba Kumi

Chefu wetu, kiongozi wa nyumba kumi hapa Mushaki, huandika ripoti ya usalama kila Jumatatu asubuhi, na kila Jumatatu ripoti ni ileile: shwari. Hukaa mlangoni, daftari juu ya magoti, akilamba kidole kabla ya kufunua karatasi na kupiga mistari kwa rula polepole, kama vile hakuna anayemngoja. Wezi wametuingilia mara saba tangu Pasaka! Jumatatu iliyopita nilimsindikiza Mama Bénédicte, jirani yangu, aliyeibiwa ng'ombe wake wa pekee.

"Uliona mwizi na macho yako, Mama?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kamba njo hii, Chefu. Waliikata na panga!"

"Kama haukumuona, basi ngombe ilipotea tu."

Akaandika hivyo, kwa ule mwandiko wake mzuri unaonichefua.

Kwetu, wezi wakiingia kwa mmoja, nyumba zote hupiga sufuria mpaka wakimbie. Ndiyo maana sufuria zetu zimebonyea. Yangu haikai tena sawa juu ya mafiga. Ya Chefu ilikuwa imeanikwa juani, kando ya kiti chake. Mama Bénédicte aliiona kabla yangu: kubwa, nzee, nyeusi kwa moshi, na kitako laini kisicho na hata alama moja. Aliokota jiwe akaipiga kwa nguvu zake zote, na sufuria za mtaa mzima zikaitika, mchana kweupe, jinsi tunavyofanya mwizi akionekana.