Wao Mazoezi, Sisi Pareto

Wasomaji wenzangu, mhariri amekubali kulificha jina langu, kwa hivyo nitasema yote. Mimi ni kijana wa miaka ishirini, nasomea ualimu katika chuo kidogo cha misheni upande wa Molo. Kwetu karo ni juu yako mwenyewe, na asiye nayo hulipa kwa mikono. Kila siku baada ya chakula cha mchana tunachuma maua ya pareto katika shamba la chuo mpaka jua lizame. Binamu yangu yuko chuo cha serikali, Nakuru. Yeye halipi karo, na saa hizo ninazoinama shambani, yeye yuko uwanjani na mwalimu wa michezo. Halafu kila mwaka, katika mbio za vyuo, tunapangwa mstari mmoja na kuambiwa mashindano ni ya haki. Haki gani hiyo?

Tulipokuwa tukichunga ng'ombe pamoja, binamu hakuwahi kunipita. Sasa ananiacha nyuma, na wenzake wanatucheka, wanatuita vibarua. Inaniuma sana.

Mwaka huu ilikuwa zamu yetu kuandaa mashindano, na uwanja wetu umepakana na shamba. Zilipoitwa mbio za maili moja, nilitokea na vikapu viwili, nikaweka kimoja miguuni pa binamu.

"Shamba ndio hilo," nikamwambia. "Tujaze kwanza, halafu tukimbie. Ukinishinda hapo, nitakubali."

Watu walicheka, lakini yeye aliinamisha macho. Mkuu wetu alinitoa mstarini mbele ya wageni. Amesema Jumapili nisimame kanisani niombe msamaha, la sivyo nifungashe virago.

Juzi binamu alikuja na ujumbe.

"Mwalimu wetu wa michezo anakutaka chuoni kwetu," akasema. "Karo hutalipa, na pareto hutashika tena. Wacha kiburi, ndugu yangu."

Mama amefurahi mno. Anasema nikikataa nina wazimu.

Lakini nikienda, mwaka ujao nitasimama pale nimepumzika, niwashinde wale wale niliochuma nao, mikono yao ikiwa bado inanuka pareto.

Kuomba msamaha siombi, hilo msinishauri. Ninachouliza ni hiki: nikubali kufukuzwa nirudi nyumbani bila cheti, au nivuke, niwe mtu yule yule niliyemwekea kikapu? Niambieni, Jumapili haiko mbali.