Mama Povu na Vitundu Viwili

Watu walimwita Mama Povu, naye hakuwahi kukasirika. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa muuguzi wa chumba cha vidonda katika zahanati ya vyumba vinne, na jeraha lolote la meno au msumari likiingia mlangoni, kabla ya pole ndefu, lilipelekwa bombani. Sabuni, maji yanayotiririka, robo saa nzima kwa saa ya ukutani. Ukitaka kulia, utalia huku unaoshwa.

Jumanne asubuhi aliingia fundi cherehani, mkono wa kulia umefungwa leso. Alikuwa akianika nguo, mbwa wa shemeji yake akamng'ata. Shemeji huyo, kaka wa mumewe, aliishi nao ua mmoja.

"Ni vitundu viwili tu, mama," fundi alisema. "Kama nimejidunga sindano. Nishone, unifunge, niondoke. Nina sare arobaini za shule."

"Wewe shona sare, ngozi niachie mimi. Tundu la jino mlango wake mwembamba, lakini chumba chake kirefu. Nikikushona sasa hivi, nimemfungia mwizi ndani."

Dakika ya tisa fundi akasema imetosha. Muuguzi aliitazama saa, akaendelea kuosha. Kisha akatia iodini, akafunika bila kukaza, akamchoma sindano ya pepopunda na ya kwanza ya kichaa cha mbwa, na dawa nyingine kuzunguka vile vitundu.

"Ijumaa urudi kwa ya pili. Na mbwa afungwe, tumtazame siku kumi."

Ijumaa ikapita, fundi hakuonekana.

Mwaka wake wa kwanza kazini, muuguzi huyu alimfunga mchomelea vyuma aliyeng'atwa na mbwa kwenye kifundo cha mguu. Alipitisha pamba mara moja, akaviringisha bandeji nyeupe, nadhifu, hata akasifiwa. Wiki ya sita mtu yule aliletwa, kichaa kimempanda, kikombe cha maji kikimtia hofu. Walimzika. Kisa hicho hakumsimulia mgonjwa hata mmoja.

Jumamosi ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akavaa viatu vya kutembea, akaulizia nyumba kwa nyumba mpaka akaufikia ule ua. Fundi alikuwa kwenye cherehani.

"Tazama, mama, pamefunga penyewe!"

"Pamefunga juu."

Shemeji mtu akatoka kibarazani, kifua mbele. "Mbwa wangu hana kichaa, dada. Ana hasira tu, kama mwenye nyumba."

"Yuko wapi?"

Mtu mzima akajikuna kisogo. "Katoka tangu juzi. Atarudi."

Muuguzi akamgeukia fundi. "Vaa viatu. Mwenzangu yuko zamu, anakungoja."

"Na sare? Jumatatu asubuhi wanazifuata!"

"Zimebaki nini?"

"Vifungo."

"Nipe uzi. Vidole hivi vimeshona watu, vitashindwa na shati?"

Fundi alisitasita, akaona yule mama ameshajivutia kigoda na kutunga sindano. Akaenda. Shemeji alipita pale mara tatu akitafuta la kusema, lakini muuguzi hakuinua macho. Fundi aliporudi, mashati kumi na tisa yalikuwa tayari, mawili vifungo vimepishana na matundu yake. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akayafumua yote mawili kimyakimya.

Jumatano mbwa alikutwa mfu mtaroni. Daktari wa mifugo akachukua kichwa kupima, na jibu likaja: kichaa. Siku ya jibu, kabla mlango wa zahanati haujafunguliwa, shemeji alikuwa ameshajiegemeza ukutani, kifua kimerudi mahali pake.

"Dada, na mimi alinikwaruza kwa jino. Ugokoni, siku ile ile. Niliona haya."

Muuguzi alijua siku zilizopotea. Alijua pia kwamba kuchelewa si kukosa.

"Pandisha suruali, shemeji," alisema, akafungua bomba.

Fundi alimaliza sindano zake zote, na mkono ukapona usiache hata kovu la kuonyesha watu. Shemeji alipojifanya amesahau sindano yake ya tatu, hakuna aliyetoka zahanati kumfuata. Fundi mwenyewe aliacha cherehani, akamshika mkono wa shati, akamleta mpaka mlangoni. Wote wawili wazima hadi leo.