Mguu Usiolalamika

Mtaa mzima ulimwita Pasi, na jina lilimkaa vizuri. Alikuwa dobi wa kunyoosha nguo kwa pasi ya mkaa, katika kibanda cha mabati kilichobanwa kati ya duka la viatu na ukuta wa shule. Wenzake walipohamia kwenye pasi za umeme, yeye aliwacheka. Alisema hizo ni za watu wasioijua nguo.

Na nguo aliijua, tusimdhulumu. Kabla ya kuanza kazi alilamba ncha ya kidole, akaigusa pasi kwa chini, chap! Kwa mlio wake na kwa ule mchomo wa kidole alijua kama moto ni wa pamba, wa hariri, au wa kumgombanisha na mwenye shati. Vidole vyake vilikuwa vimeungua na kupona mara zisizo na idadi, kwa hiyo alijiona bingwa wa vidonda pia. Mteja akikaa tu kusubiri suruali yake, alipewa somo ambalo hakuliomba.

"Kidonda kina ratiba yake," Pasi alikuwa akisema, huku akipuliza mkaa. "Kwanza kinachoma, hapo ngozi inapiga kelele. Halafu kinavimba na kupata joto, ujue mwili umeshatuma mafundi wake, wanafagia uchafu. Kikianza kuwasha, usikikune, nyama mpya inashonwa huko chini. Kikinyamaza kabisa, umepona. Lete nguo tupige kazi."

Yote hayo yalikuwa na ukweli wake, isipokuwa hilo la mwisho. Na hilo la mwisho ndilo lililomponza.

Siku moja alikuwa akinyoosha suti ya bwana harusi, suti ya rangi ya maziwa ambayo hata vumbi lilikuwa linaionea aibu. Akasikia harufu ya kitu kinachoungua. Akainyanyua pasi haraka, akaligeuza koti nje ndani, akakagua kola, mifuko, mikono. Koti lilikuwa salama. Akashusha pumzi, akajicheka, akaendelea na kazi.

Harufu ikazidi. Ndipo alipotazama chini akaona moshi mwembamba ukipanda kutoka kwenye ndara yake ya kulia. Kaa la moto lilikuwa limedondoka kutoka kwenye pasi, likatua kati ya mkanda wa ndara na mguu wake, na muda wote ule alipokuwa akilikagua koti lilikuwa pale pale, jekundu, likila nyama bila haraka yoyote.

Akalikung'uta. Kisha akasimama akisubiri maumivu. Hayakuja.

Mwingine angeogopa. Pasi alijipiga kifua. Jioni ile alimwonyesha mkewe lile shimo jeusi juu ya vidole, kwa fahari ya mtu aliyeshinda zawadi.

"Mke wangu, tazama! Ngozi ya mumeo imekuwa chuma. Sikusikia hata kidogo."

Mkewe aliinama, akatazama kwa muda mrefu, wala hakucheka. "Kitu kama hiki kinauma, baba watoto."

"Kwako wewe. Mimi nimezoea moto."

"Kamwonyeshe mdogo wangu."

Mdogo huyo wa mkewe alikuwa nesi wa chumba cha vidonda katika hospitali ya karibu.

"Nimpelekee shemeji kidonda kisichouma?" Pasi akasema. "Atanitangaza mji mzima."

Akakifunga kitambaa, akarudi kazini, akaendelea kusimama kutwa juu ya mguu ule ule. Kidonda hakikufuata ratiba. Hakikuvimba, hakikupata joto, hakikuwasha. Hakikuweka kigaga. Kilikaa kibichi, kingo zake zikageuka nyeupe, kisha kijivu, na kila asubuhi kitambaa kilikuwa kimelowa. Mafundi hawakufika. Pasi aliliona hilo vizuri kabisa, maana alikuwa mwalimu wa somo lenyewe, lakini alijitia hamnazo. Hakiumi, alijiambia, kwa hiyo kinapona.

Wateja wakaanza kusimama nje ya kibanda. Mama mmoja alipokea gauni lake, akalinusa, akamtazama Pasi, akalinusa tena. Hakurudi tena. Jambo hilo lilimchoma Pasi kuliko kaa la moto.

Nyumbani mkewe alikuwa na hofu zake. Mumewe alikuwa anakunywa maji kama anayezima moto tumboni, na msalani, pale alipokojoa, sisimizi walikuwa wanajipanga mstari. Kila akimwambia, Pasi alisingizia joto la mkaa. Kisha mchana mmoja alimkuta amelala usingizi mzito kwenye mkeka. Mstari wa sisimizi ulikuwa umetoka ukutani, umevuka sakafu, umeingia ndani ya kitambaa cha mguuni. Wengine walikuwa wanatoka, wakibeba.

Mama wa watu alijiziba mdomo kwa mkono. Aliwapangusa kwa pindo la nguo yake, taratibu, wakati mwenyewe anakoroma. Halafu akatoka mbio kumwita mdogo wake, na safari hii hakuomba ruhusa.

Nesi alikuja akiwa bado na sare yake ya kazi.

"Shemeji," Pasi akasema, "umekuja kuniposa?"

"Nani akupose na mguu unaonuka hivyo? Nyoosha hapa." Akaomba kijiti cha meno. "Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Pasi akafumba macho. Akasubiri. Akasikia wanafunzi wakipiga kelele barabarani, akasikia mkewe akivuta pumzi kwa nguvu.

"Anza basi, shemeji, nina nguo za watu."

Kijiti kikawekwa chini.

"Nimemaliza," nesi akasema.

Alipofumbua macho aliona vitone vyekundu vimepanda kuanzia unyayoni hadi juu ya kifundo cha mguu. Mkewe alikuwa amegeukia ukuta. Hapo ndipo Pasi alipoogopa, kwa mara ya kwanza, na hofu ilimshika barabara.

"Ni sukari, shemeji. Tutaipima, lakini mimi naiona. Imeharibu mishipa ya fahamu, na damu haifiki vizuri huko chini. Kidonda hakijapona. Habari zake tu ndizo zisizokufikia."

Hospitalini daktari hakumficha. Ile nyama iliyokufa lazima ikatwe, mpaka wafike kwenye nyama iliyo hai.

"Utaijuaje iliyo hai?" Pasi akauliza.

"Inatoa damu. Na mara nyingine mwenyewe unaisikia."

Katika maelezo yote aliyopewa, Pasi aliondoka na sentensi hiyo ya mwisho peke yake. Mwenyewe unaisikia. Dobi wa mkaa anasimama kutwa, anategemea miguu kuliko mikono, na bila mguu kibanda kile kingebaki mabati matupu. Basi akapanga lake moyoni. Kisu kikigusa tu, kwenye vidole, mwanzo kabisa, atapiga ukelele. Watasema hapa pana uhai. Wataishia hapo.

Walimlaza kitandani, wakatundika shuka la kijani kifuani pake asione miguu. Ganzi hawakumchoma. Daktari alisema mguu unayo yake ya kutosha. Nesi akasimama upande wa pili wa shuka. Pasi akatega masikio. Mtu aliyeujua moto kwa mlio angeshindwa kukijua kisu?

Akasikia chuma kikigonga sinia. Akasikia hatua. Kisha kimya, kile kimya cha mtu anayeinamia kazi.

"Yalaa!" Pasi akapiga ukelele. "Hapo! Daktari, hapo hapo, unaniua!"

Alilia kwa moyo wote. Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya kweli.

Kwenye kona ya chumba, bomba la maji likafungwa. "Kuna nini?" sauti ya daktari ikauliza kutoka huko.

Nesi akazunguka shuka. Safari hii hakuwa na utani. Aliweka kiganja juu ya paji la uso la Pasi, akamwinamia sikioni.

"Shemeji," akasema, "daktari bado ananawa mikono."