Khati Nzuri na Mtihani wa Ukalimani

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya wino, mwanangu. Wino wetu ulikuwa wa masizi na gundi, tukiukoroga wenyewe, si huu wenu wa chupa unaokuja umeshafanywa kila kitu. Nilikuwa nimeketi barazani kwetu, mtaa wa Shela pale Malindi, nachonga kalamu ya tete, alipopita mtu wa liwali akitangaza: serikali yataka mkalimani wa baraza la mashauri. Mwenye kutaka na ajitokeze baada ya Idi, Bwana Mkubwa, yule Mzungu wa serikali, atawapima vijana kwa mambo matatu. Kuandika barua, kusoma barua aliyoiandika mtu mwingine, na kuyageuza maneno ya Kigiriama kuwa Kiswahili mbele za watu.

Niliruka, wallahi! Kazi ya serikali, tena pale pale mjini.

Nawe ujue kwa nini niliruka. Baba alikuwa amefariki, nami ndiye mwana wa kiume wa pekee. Mama yangu macho yalikuwa yakimpotea kidogo kidogo. Shamba la babu lilikuwa limegeuka mwitu, kwani waliokuwa wakililima walikuwa watumwa, na utumwa ulikuwa umekwisha, alhamdulillahi. Nasema alhamdulillahi leo, ijapokuwa siku zile nyumbani mwetu hapakuwa na aliyeisema. Kijana asiyekuwa na kazi mjini alikuwa hana budi kwenda zake, Mombasa au Unguja au bara huko. Mama akanishika mkono akanambia, "Mwanangu, ipate kazi hii ukae nami. Sikuombi jingine."

Nikamwambia, "Mama, hii nimeshaipata."

Basi sikiliza nilivyojiandaa, ucheke kama wataka kucheka. Khati yangu ilikuwa nzuri, mji mzima waijua. Watu wakija kuniandikisha barua za posa, na wazee wakilipitisha karatasi langu mkono kwa mkono wakisema mashallah. Kwa hivyo nikaandika. Nikaandika asubuhi, nikaandika baada ya swala ya alasiri. Kila aliyepita barazani alisimama akatazama, akasifu, nami nikazidi. Si wasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji? Ndiye mimi.

Na Kigiriama? Ah! Kigiriama nilikuwa nakijua kile cha sokoni tu, cha kununulia mahindi. Sisi watoto wa mjini tulifundishwa kwamba hiyo ni lugha ya watu wa nyika, na mtu mstaarabu haketi akajifunza lugha ya nyika, bali wao ndio wajifunze yetu. Ujinga huo ulikuwa umetukaa mpaka kwenye mifupa. Nikajiambia siku ikifika nitadaka neno hili na lile, mengine nitayajaza. Mswahili atashindwaje na maneno?

Vijana wenzangu nao walikuwa na yao. Mmoja alisikia kwamba Bwana Mkubwa atauliza majina ya masultani wote wa Unguja, akayahifadhi kama sura ya Kurani, wala hakuulizwa hata moja. Mwingine alikunywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, mpaka tumbo likamchafuka, asiguse karatasi. Dua ni haki, mwanangu, mimi sikatai dua. Lakini dua haiketi ikasoma kwa niaba yako.

Idi ilipokaribia nilimpelekea maalim wangu, Maalim Athumani, barua niliyoiandika kwa ustadi wangu wote. Ndiye aliyenifundisha alifu mpaka ya, na nilitaka sifa yake kuliko ya mtu yeyote. Nikamwamkia, "Shikamoo, Maalim." Akaitika, akaipokea barua, akaitazama kitambo kirefu. Kisha akaigeuza kifudifudi juu ya mkeka.

"Hii nilikwisha kukusifia ulipokuwa huna ndevu," akasema. "Hebu nitolee maneno mawili ya Kigiriama ya mtu aliyeibiwa mbuzi."

Nikababaika. Nikacheka, nikasema hilo ni jambo dogo, Maalim.

Yeye hakucheka. "Mtu hujikuna ajipatapo, mwanangu. Lakini upele wako wewe uko mgongoni. Kila siku wajikuna mkono, na mkono hauwashi. Wewe husomi, watafuta kusifiwa. Ondoka, nenda Jilore, kwa Wagiriama, ukakae na wenyewe hata hizi siku zilizobaki, upate aibu yako huko ambako haitakudhuru."

Mwanangu, nilikasirika! Nilitoka pale nimevimba, nikasema moyoni mzee huyu wivu umemwingia, khati ya mwanafunzi imeshinda yake. Sikwenda Jilore. Nilirudi barazani kwangu, kwa wenye kunisifu.

Siku ikafika. Barua niliandika, na Bwana Mkubwa akaliinua karatasi lile akalionyesha wenzake. Kusoma nikasoma kama maji. Nikamwona kwa mbali Bakari, kijana wa Mambrui aliyekuwa akishindana nami, akitoka jasho juu ya barua yake, mistari imepinda huku na huku. Nikamhurumia, mimi!

Kisha akaletwa mzee wa Kigiriama kutoka Jilore, Mzee Kazungu, aseme shauri lake, na kila mmoja wetu aligeuze peke yake wenzake wakiwa nje. Mzee akasema kwa upole, wala hakusema mengi. Nikadaka mbuzi, nikadaka mahindi, nikadaka jirani. Yaliyobaki yakanipita. Basi nikajaza. Nikasimama kifua mbele nikasema kwamba mzee huyu amedhulumiwa dhulma iliyo wazi, kwamba jirani yake ni fasiki asiyejua haki ya ujirani, kwamba mbuzi wake wameangamiza riziki ya mayatima, naye aiomba serikali tukufu imshike mtu huyo na kumtia adabu. Maneno yalinitoka kama khutba.

Bwana Mkubwa akamgeukia mzee akamuuliza kwa Kiswahili, kumbe mzee Kiswahili akijua, "Ndivyo ulivyosema?"

Mzee Kazungu akanitazama, hata si kwa ubaya. "Maneno ni mazuri sana, bwana. Nimeyapenda. Lakini si yangu."

Kisha akaeleza. Mbuzi wa jirani waliingia shambani kweli, na yeye na jirani walikwisha kusikizana, wakala pamoja. Alichokuja kutaka ni njia ya kwendea mtoni iliyozibwa ua na mtu mwingine kabisa. "Kijana huyu," akasema, "angelisema hivi siku ya baraza, jirani yangu angelifungwa, nami nisijue kwa nini."

Watu walicheka, na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Kazi akapewa Bakari, mwenye mistari iliyopinda, kwa sababu aliyasema ya mzee kama mzee alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza.

Kwa siku kadhaa barazani petu hapakuwa na habari ila upendeleo. Ati Bakari ana mjomba wake, ati Bwana Mkubwa hapendi watu wa Shela. Nami nikayapokea maneno hayo kwa mikono miwili, maana yalikuwa matamu. Mama peke yake ndiye hakuyasema. Alinipapasa uso akauliza, "Sasa wenda wapi, baba?"

Nilikwenda pale pale nilipokataa kwenda. Mhindi mmoja, Bohora, alikuwa na duka Jilore, akinunua nafaka, akataka mtu wa kumwandikia. Lo, siku za Jilore! Siku ya kwanza tu nani akaingia dukani? Mzee Kazungu. Akanikazia macho, akapiga kofi, akaita waliokuwa nje: "Njooni mumwone mwenye maneno mazuri!" Jina hilo likanishika. Watoto walinifuata wakiniita hivyo, nami nikitamka neno la Kigiriama wakianguka chini kwa kicheko, kisha wakinisahihisha, tena na tena, mpaka nitamke sawasawa. Nilikula sima na mchunga, ile mboga chungu, nyumbani kwa Mzee Kazungu, na mkewe akinikataza Kiswahili kabisa pale uani. Nikiomba maji kwa Kiswahili, hanipi. Nilikaa na kiu siku nyingine! Mpaka leo nikisikia mwanamke akimwita mwanawe kwa Kigiriama, moyo wangu wanirudisha kwenye ua ule, na natabasamu peke yangu kama mwehu.

Nilijifunza kunyamaza, mwanangu, kumwacha mtu amalize. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko maneno yote.

Mama nilikuwa nikienda kumwona nipatapo ruhusa. Kila nikienda, namkuta amezidi kupotewa na nuru, ananijua kwa sauti. Kila nikiondoka ananiuliza kama ile nafasi imefunguka. Namwambia bado, mama, itafunguka.

Mvua za masika zilipoanza alikuja mtu kwa miguu kutoka mjini, akanikuta napima mahindi. Alivyoniamkia tu nikajua. Nikaenda mbio na njia ile ya matope, lakini sisi maiti hatumweki, wajua. Nilipofika, watu walikuwa wamesharudi makaburini, wanakosha miguu. Dada yangu akanambia siku zile za mwisho mama kila jioni akiuliza, "Karudi?"

Mwaka ule ule Bakari alihamishiwa Kilifi, nafasi ikafunguka. Nikaenda. Aliletwa bibi mmoja mwenye shauri la minazi, akasema maneno marefu yenye kulia ndani yake. Nikangoja amalize, nikayasema yake, mafupi na marefu kama alivyoyasema. Bibi akaitikia kwa kichwa: ndivyo. Kazi nikaipata, na nikaifanya mpaka nikaota mvi. Lakini siku niliyoambiwa umepata, nilitoka nje nikasimama njiani, sijui habari ile nimpelekee nani.

Ndiyo maana nakuona umejifungia na vitabu vyako kwa huu mtihani wa kazi ya serikali nami nakaa roho juu, mwanangu. Sikuulizi wasoma saa ngapi, nakuuliza wasoma nini. Lile somo ukilifungua linalokupa usingizi na hasira, ndilo lianze asubuhi kichwa kikiwa chepesi. Lile ulipendalo liache la mwisho, halitakukimbia. Usimpe kazi yako aonaye kila kitu chako kizuri, mpe atakayeigeuza kifudifudi, na akikuuma usimtafutie sababu. Habari za "nasikia tutaulizwa hivi" waachie wenye kuziuza. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, usilijaze maneno, kwani kazi ya serikali ni ya watu, na neno ulilolipamba wewe lamfunga mwingine. Ukishindwa, kabla hujasema umedhulumiwa, keti ujiulize. Na usiseme utasoma vizuri mwakani. Mtihani ukikupita leo utarudi, mimi ulinirudia. Mama yangu hakurudi.

Basi nenda, baba. Mola akufungulie kifua, akupe sikio kabla ya ulimi, na siku utakayoipata kazi yako akuwekee hai wote unaotaka kuwaambia. Amin.