Wimbo Ambao Bibi Hakuuimba

Bibi yangu mzaa mama alikuwa kungwi, yule anayewafunda wasichana wanapochezwa unyago. Kijijini kwetu, huku bara ya Lindi njia ya kwenda Rondo, sijui cheo cha mwanamke kinachokizidi hicho. Diwani huja akaenda zake. Kungwi humfunda mama, akaja kumfunda na binti yake, na wote wawili wakikutana naye njiani hupiga goti.

Mimi pia alinifunda yeye. Nyumbani aliniita mke mwenzangu, utani wa bibi na mjukuu, na nilipopata nafasi ya chuo kikuu aliwatangazia majirani kwamba mke mwenzake anakwenda kuwatafutia wao wawili mume mpya, maana huyu waliye naye amezeeka. Babu alikuwa amekaa hapo hapo, anakunywa uji wake.

Mwaka wa pili tulipewa kazi ya kikundi: kukusanya nyimbo za wazee na kuzieleza. Wenzangu wote walikuwa watoto wa Dar es Salaam, bibi zao wanatazama tamthilia za Kituruki. Macho yakanigeukia mimi. Likizo ilipofika nikaenda nyumbani na simu yangu ya kurekodia.

Bibi aliniimbia nyimbo za siku ya kuwatoa wasichana nje, zile zinazoimbwa hadharani, wanaume na watoto wakisikia. Za ndani hakuzigusa, wala sikuthubutu kumwuliza.

"Hizi wape," aliniambia. "Ila uziandike wewe, mke mwenzangu. Wewe umezicheza, unazijua. Asije mwingine akatia ya kwake."

Nikamwahidi. Kimwera cha bibi ni cha zamani, na mistari mingine ilinilazimu kumpigia simu tena anifafanulie. Nilikwenda pole pole kwa sababu nilitaka nimalize bila aibu.

Niseme hapa kwamba mimi si adui wa akili unde. Naitumia. Makala ya Kiingereza ikinishinda, naiomba inieleze kwa lugha nyepesi, halafu nairudia makala yenyewe kwa macho yangu. Mtihani ukikaribia naiambia iniulize maswali. Ni kama kuishi chumba kimoja na mtu aliyesoma sana asiyechoka kusumbuliwa. Lakini hata huyo wa chumba kimoja humpi ufunguo wa sanduku la bibi yako.

Kiongozi wa kikundi chetu alikuwa kijana mpole, mtanashati, anayejua kuzungumza na walimu. Yeye ndiye aliyetunza kazi zetu zote, nami nilimkabidhi sauti za bibi kama utaratibu ulivyotaka, nikamweleza na sharti lake. Aliitikia kwa kichwa. Siku ya kukabidhi ilipokaribia, akaniletea kazi iliyokamilika, imechapwa, ina jalada.

"Tafsiri umeitoa wapi?" nikamwuliza.

"Sauti nimeipa programu. Dakika mbili tu, wewe ulikuwa unajitesa bure."

"Inajua Kimwera?"

"Si imetafsiri? Ingekuwa haikijui ingetafsiri?"

Nilisoma nimesimama. Programu haikukijua Kimwera, ila haikusema kwamba haikijui. Mahali pa wimbo wa kumtania mama mkwe mchoyo wa chumvi palikuwa na shairi refu la mwezi, msitu na mababu. Mahali ambapo bibi alikohoa akaniomba maji, paliandikwa kiapo. Chini yake yakafuata maelezo kwamba kungwi huyu amefichua yanayotendeka ndani: wasichana hulazwa juu ya majivu, huchanjwa, huapishwa kwa damu. Jina la bibi lilikuwepo, na la kijiji. Hakuna neno hata moja kati ya hayo lililopata kutoka kinywani mwake.

Nilimwambia ayafute. Akacheka, akaniuliza nani atajua. Nikaenda kwa mwalimu. Alinisikiliza huku akitafuta kitu mezani, kisha akasema kazi ya kikundi ni ya kikundi, tukasuluhishane wenyewe. Ikapata alama za juu kuliko zote, ikawekwa kwenye tovuti ya idara.

Nilipofungua programu ile mwenyewe na kuibana, ikakiri kwamba Kimwera haikijui vizuri na kwamba inaweza kutunga. Ikaniomba radhi, tena kwa adabu. Mwenzangu hajaniomba mpaka leo. Ndiyo maana hasira yangu haiendi kwenye mashine. Mashine haikuumbiwa kuona haya. Yeye aliumbiwa, na alikwishaambiwa sharti.

Habari haikukawia kufika kijijini. Mtu aliiona kazi ile kwenye tovuti, akairusha katika kundi la kijiji kwenye simu, na akina baba wakasomeana. Mchuma janga, wanasema, hula na wa kwao. Huyu alilichuma yeye, likaliwa na wa kwetu.

Nilipanda basi nikarudi. Mkutano ulifanyika kwenye ofisi ya kijiji, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Nilisimama nikaeleza kwamba maneno yale yametungwa na programu, nikawasikilizisha sauti zote za bibi kutoka kwenye simu yangu. Mzee mmoja, baba wa wasichana waliokuwa wakingoja msimu ujao, akanijibu kwa upole kabisa.

"Hizo ni za nje, binti, tunazijua. Za ndani umezificha. Na karatasi imetoka chuo kikuu. Chuo kikuu kitaandika uongo?"

Kisha akamgeukia bibi. "Mama, shikamoo. Sisi hatukutuhumu. Kama wasichana wetu hawafanyiwi hayo, tuambie basi wanafanyiwa nini, tuondoke na amani."

Bibi akatazama mikono yake. Kila mwanamke mle ndani alijua kwamba yale yalikuwa uongo, maana kila mmoja alikwishapita. Na hakuna hata mmoja aliyeweza kufungua mdomo, kwa sababu kumkanushia bibi kulikuwa ni kusema mbele ya wanaume lile lisilosemwa. Ili bibi aonekane hakutoa siri, ilimpasa aitoe. Na mimi nilikuwepo, nimechezwa, najua kila kitu, nimekaa kimya kama wenzangu. Sijapata kuchukia kukaa kimya kama siku ile.

Akina baba wakaamua wasichana wapelekwe kwa kungwi mwingine. Bibi alisema sawa, akajifunga vizuri kanga yake, tukarudi nyumbani. Njiani aliniita msomi. Tangu siku hiyo sijawa tena mke mwenzake.

Chuoni nilipiga kelele mpaka idara ikaiondoa ile kazi, kimya kimya, bila kuandika popote kwamba ilikuwa uongo. Baadaye wakaandaa semina ya matumizi mema ya akili unde. Aliyeitwa mbele kutoa ushuhuda wa alichojifunza ni kiongozi wetu wa kikundi. Alizungumza vizuri sana, akasema tuhakiki kila kitu, akapigiwa makofi. Jina la bibi yangu hakulitaja.

Msimu huu nilikuwa nyumbani siku ya kuwatoa wasichana. Bibi hakwenda. Tulikaa uani, yeye anabangua korosho, mimi namsaidia na kuunguza vidole kwa mafuta ya maganda kama kawaida yangu. Ngoma ikapita barabarani, na wasichana wakaanza wimbo mpya. Lile shairi la mwezi na msitu lilikuwa limebaki kwenye simu za watu, kuna binti wa mjini alilitia muziki, na kungwi mpya amelipenda.

Bibi akaacha kubangua.

"Huo wimbo ni wa nani?"

Nilitamani niseme sijui. "Wanasema ni wako, bibi."

Akausikiliza mpaka ukaishia kule kwenye mikorosho. Kisha akaokota korosho nyingine.

"Basi nifundishe, msomi," akasema. "Wakija kuniuliza, niwe naujua."